Ukienda Kuomba Kazi ya Uhudumu wa Ndege

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya vijana wanaojiandaa kuomba kazi ya uhudumu wa ndege. Nimeiandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazazi mliokuja kuwasindikiza watoto wenu, na ninyi wanangu mliojaa humu ukumbini hata wengine wakasimama mlangoni, hamjambo? Nashukuru kwa kualikwa. Nimefanya kazi angani kwa miaka mingi, kisha nikahamishiwa kwenye mafunzo na usaili. Kwa hiyo ile meza mnayoiogopa nimeikalia pande zote mbili.

Kabla sijafika mbali, niwaulize. Shirika la ndege linapotangaza nafasi za wahudumu, linamtafuta nani? Semeni tu, msione haya.

Haya, nimesikia: mtu mzuri. Nimesikia: mrefu. Nimesikia: anayejua Kiingereza. Yule pale nyuma amesema mwenye tabasamu. Mmesema mengi, lakini hakuna hata mmoja aliyesema: mtu atakayefungua mlango sahihi ndege ikiwaka moto, na atakayeuacha umefungwa mlango usio sahihi.

Wanangu, huyo ndiye anayetafutwa. Tabasamu linahitajika, sikatai. Kiingereza kinahitajika, tena sana kwenye mashirika ya kimataifa. Lakini mkiingia kwenye chumba cha usaili mkidhani mnaomba kazi ya kugawa vinywaji, mtajibu maswali ambayo hamkuulizwa.

Mwaka 1967 kijana mmoja nchini Marekani, Celio Diaz, aliomba kazi ya uhudumu katika shirika la Pan Am. Akakataliwa. Sababu? Ni mwanamume, na kazi hiyo walikuwa wakiwapa wanawake. Akaenda mahakamani. Shirika likaleta hadi daktari wa magonjwa ya akili aeleze kwamba abiria mwenye hofu hutulizwa vizuri zaidi na mwanamke. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa ikampa Diaz ushindi, na hoja ya majaji ilikuwa nyepesi kabisa: kazi ya msingi ya shirika la ndege ni kumfikisha abiria salama. Kumpendeza abiria ni jambo zuri, lakini linakuja baadaye. Tangu mwanzo mambo yalikuwa hivyo, ila watu walisahau. Ellen Church, mwanamke wa kwanza kuifanya kazi hii, mwaka 1930, alikuwa muuguzi, na wale saba walioajiriwa pamoja naye walikuwa wauguzi vilevile.

Niwape kisa kingine. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways iliondoka Birmingham kwenda Málaga. Ikiwa bado inapanda, futi elfu 17 na ushei, kioo kimoja cha mbele kikang'oka, kwa sababu fundi alikifunga kwa skrubu ambazo nyingi zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa. Hewa ikamfyonza nahodha, mwili nusu nje nusu ndani. Mhudumu Nigel Ogden alikuwa mlangoni mwa chumba cha marubani. Akaruka, akamdaka kiunoni, akamshikilia. Baridi ikamla, bega likateguka, asiachie. Nguvu zilipomwishia, wenzake wakampokea. Wengine walikuwa nyuma kwa abiria, wakiwatuliza na kuwaandaa kwa kutua kwa dharura. Rubani msaidizi akaishusha ndege Southampton. Watu 87 walikuwa ndani. Hakufa hata mmoja. Na nahodha? Alipona, akarudi kuruka.

Sasa niambieni, Ogden alipokuwa anasailiwa, aliulizwa kama anaweza kumshika nahodha kiunoni futi elfu 17 angani? Hakuna msaili wa kuuliza swali hilo. Ndiyo maana tunauliza mengine, madogo madogo, yanayoonekana hayana maana, tukijaribu kukuona ungekuwa nani siku ile.

Na msidhani haya ni ya zamani. Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani ikiwa inatua. Kwenye ile ndogo walifariki watu watano, Mungu awarehemu. Kwenye ile kubwa walikuwamo watu 379, na ikawaka. Mfumo wa matangazo haukufanya kazi. Wahudumu wakatumia vipaza sauti vya mkononi na makoo yao. Kati ya milango minane, mitatu tu ndiyo ilikuwa salama kutumika, na mhudumu wa nyuma, aliyeshindwa kuwasiliana na marubani, aliamua mwenyewe kufungua wa kwake. Wote 379 wakatoka. Wote!

Uamuzi ule wa mlango wa nyuma ndio usaili wenyewe, wanangu. Yote nitakayosema kuanzia hapa yanatoka kwenye mlango ule.

Tuanze na maombi. Hapa sitakaa sana, maana mengi yameandikwa kwenye tangazo na kazi yenu ni kusoma. Kusoma, si kupitisha macho! Emirates, kwa mfano, wanataka uwe na umri usiopungua miaka 21, urefu usiopungua sentimita 160, na ukisimama kwenye ncha za vidole vya miguu mkono wako ufike sentimita 212. Mashirika mengine yana vipimo vyao. Ulaya sheria inaruhusu kuanzia miaka 18. Wako wanaotaka ujue kuogelea. Wengi hawataki tatuu inayoonekana ukiwa na sare.

Kile kipimo cha mkono kinawaudhi watu. Nimewasikia wakisema ni ubaguzi, ni mambo ya urembo. Hebu fikirini: kwenye kabati za juu huwekwa nini zaidi ya mizigo? Kuna mtungi wa kuzimia moto, kuna sanduku la huduma ya kwanza, kuna kipaza sauti kama kile cha Haneda. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Huku kwetu mtaka cha juu sharti anyooshe mkono, tena moshi umetanda na hakuna muda wa kutafuta kiti cha kupandia. Kwa hiyo jipime nyumbani, ukutani, bila viatu, kabla hujatumia nauli kwenda kupimwa mbele za watu.

Wasifu wako. Kijana mmoja aliniletea wake niupitie. Ukurasa wa kwanza vyeti vya semina vimepangana. Chini kabisa, mstari mmoja: "Nimesaidia katika duka la dawa." Nikamwuliza, ulisaidiaje? Akaanza kueleza. Alikuwa anakaa dirishani peke yake usiku. Amewahi kumkatalia dawa mtu asiyekuwa na cheti cha daktari, mtu huyo akapiga ngumi kioo, na yeye hakumpa. Nikamwambia, mwanangu, umeficha dhahabu chini ya makaratasi! Mtu aliyewahi kusema hapana kwa mteja mwenye hasira, akabaki na adabu yake, huyo tunamtaka. Duka likaenda juu, semina zikashuka chini.

Kuhusu picha, toa kama walivyoelekeza na usiongeze ubunifu. Kuhusu usaili wa video, ambao siku hizi wengi huanza nao: mwanga uwe mbele yako usiwe mgongoni, tazama kamera na si uso wako mwenyewe kwenye skrini, na jibu lako liishe kabla ya muda kukatika.

Na hili nitalisema mara mbili. Usimlipe mtu yeyote ili upate usaili. Usimlipe mtu yeyote ili upate usaili! Mashirika makubwa yanatangaza waziwazi kwamba hayatozi ada ya maombi. Mama mmoja alinipigia akishangilia kwamba binti yake ameshapata kazi. Barua ina nembo ya shirika, ina muhuri, inataka tu alipie sare kabla ya kusafiri. Nikamwomba anisomee anwani ya barua pepe iliyoileta. Ilikuwa anwani ya bure, ya kufunguliwa na yeyote. Binti hakuwahi hata kusailiwa! Kazi ya kukabidhiwa roho za watu utapewaje na mtu ambaye hajawahi kukuona ukizungumza?

Haya, umeitwa. Unafika siku ya mchujo, mko wengi, mmependeza, mna hofu. Mtagawanywa makundi na kupewa tatizo. Aghalabu ni namna hii: ndege imechelewa hadi kesho, hoteli ina vyumba vinne, abiria ni wanane, yuko mjamzito, yuko mzee, yuko mfanyabiashara anayetishia kushtaki, yuko mtoto anayesafiri peke yake. Nani apewe chumba?

Nani apewe? Mnataka jibu? Hakuna jibu. Msaili aliyekaa pembeni na kalamu yake hajali chumba alichopata mfanyabiashara. Anaandika nani alisikiliza, nani alikatiza wenzake, nani aliangalia saa.

Hapa niseme kitu kuhusu ushauri mnaoupata mitandaoni. Kuna mtu amewafundisha kwamba ukitaka kupita, mgeukie aliyekaa kimya umwulize, "Na wewe mwenzetu unaonaje?" Ushauri si mbaya. Lakini nimekaa kwenye kundi ambalo karibu kila mmoja alikuwa amejifunza hilo, na dakika nzima maskini yule binti mpole akawa anaulizwa anaonaje kutoka kila upande, hapewi nafasi ya kujibu! Nilijizuia kucheka. Kama unamwuliza mwenzako, basi nyamaza umsikilize. La sivyo umemtumia kama ngazi, na sisi tunaona.

Nitawaambia aliyenivutia katika kundi jingine. Dada mmoja alianza kwa nguvu: mjamzito kwanza, na hoja akazipanga vizuri. Kijana mwingine, sauti ndogo, akasema mtoto aliye peke yake yuko chini ya dhamana ya shirika, hawezi kuachwa ukumbini usiku. Yule dada akanyamaza kidogo, akasema: "Ana hoja. Naondoa yangu, mtoto kwanza." Akaendelea na kazi bila kinyongo. Kalamu zote zikaandika. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya ndege ikijaa moshi hatutaki mtu anayetetea mlango wake kwa kuwa aliutaja wa kwanza. Ukichungulia dirishani ukaona moto, unaubadilisha mlango, papo hapo. Ndege yenye viti zaidi ya 44 hairuhusiwi kubeba abiria mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Sekunde 90! Mbishi atakuwa bado anatoa hoja.

Sasa tufike kwenye usaili wa ana kwa ana, na hapa naomba masikio yenu yote.

Swali la kwanza mnalijua: kwa nini unataka kazi hii? Na jibu mnalo wote: napenda kusafiri, napenda kukutana na watu wa tamaduni mbalimbali. Wanangu, anayependa kusafiri tunamwuzia tiketi! Tueleze kitu unachopenda ndani ya kazi yenyewe. Unapenda kazi yenye utaratibu mkali? Umewahi kufanya zamu za usiku na ukagundua unazimudu? Ulimwuguza mtu nyumbani ukaona hukimbii damu? Hayo tuambie.

Baada ya hapo yanakuja maswali ya "tusimulie wakati ambapo". Tusimulie wakati ulipomhudumia mteja mwenye hasira. Tusimulie ulipotofautiana na mwenzako kazini. Hapa ndipo wengi wanaanguka, na wanaanguka namna moja: wanajibu kwa sifa. "Mimi nina subira. Mimi ni mtu wa watu." Hatukuuliza wewe ni nani, tumeomba kisa! Kilitokea nini, wewe ulipaswa kufanya nini, ukafanya nini, kikaishaje. Mambo manne, dakika mbili, basi.

Kijana mmoja, mpokezi wa hoteli, alitusimulia hivi. Mgeni alifika saa sita usiku akakuta chumba alicholipia kimepewa mtu mwingine. Kijana akamwambia ukweli papo hapo, hakumzungusha. Akamketisha, akapiga simu hoteli nyingine mpaka akapata nafasi, akamsindikiza hadi kwenye teksi. Asubuhi akamwandikia meneja namna chumba kilivyotolewa mara mbili ili lisirudiwe. Vizuri. Nikamwuliza, alikwambia nini? Akasema, alinitusi. Ukajisikiaje? Akanitazama, akasema: "Niliumia. Baada ya kuondoka nilikwenda kunawa uso, nikarudi dirishani, kulikuwa na mgeni mwingine anasubiri."

Tulimchukua. Hakujifanya jiwe. Alituonyesha kwamba anaumia, na kwamba akiumia mgeni anayefuata haadhibiwi kwa ajili ya aliyetangulia. Ndani ya ndege huwezi kutoka nje upunge hewa. Saa kumi na nne uko na watu walewale.

Linganisheni na binti mwingine, hodari wa kuzungumza kuliko yule kijana. Alitusimulia jinsi alivyomwokoa mtoto aliyepaliwa na chakula. Kisa kitamu, sauti inapanda na kushuka. Mwenzangu akamwuliza kwa upole: ulimshika vipi? Kimya. Ulimwinamisha? Ulimpiga mgongoni sehemu gani? Akasema, nilimpa maji. Wanangu, mtu aliyezibwa koo hapewi maji. Anainamishwa mbele, anapigwa kwa kiganja katikati ya mabega hadi mara tano, na kama ni mkubwa kuliko mwaka mmoja na bado hajafunguka, anakandamizwa juu ya kitovu. Aliyewahi kufanya hivyo hasahau maisha yake yote. Hadithi ya kuazima haina vitu vidogo ndani yake, na sisi tunauliza vitu vidogo tu. Je, angetuambia jinsi alivyomtuliza mdogo wake kwenye foleni ya hospitali? Kisa kidogo, lakini chake. Huenda angekuwa angani leo.

Halafu kuna maswali ya "ungefanyaje". Abiria hataki kufunga mkanda. Chakula alichochagua kimekwisha. Haya mnayaweza. Gumu ni hili: mnajiandaa kwa safari, mwenzako unayempenda, rafiki yako, ananuka pombe. Ungefanyaje?

Mnaona mlivyonyamaza? Ukumbi wote! Kwenye usaili huwa hivyohivyo. Wengine wanasema nitamshauri aoge anywe kahawa. Wengine, nitamfunika leo halafu nizungumze naye baadaye. Hapana. Sheria za Marekani, kwa mfano, zinakataza mtu yeyote kufanya kazi ndani ya ndege kabla hazijapita saa nane tangu anywe, mhudumu akiwemo. Unamwambia mkuu wa wahudumu, mara hiyohiyo, kabla ndege haijaondoka. Unaweza kumwambia rafiki yako kwanza kwamba unakwenda kusema. Lakini unakwenda. Ukijibu hivyo sauti ikitetemeka kidogo, hatukuhesabii. Jambo lenyewe ni zito, acha sauti itetemeke.

Tena, msimseme vibaya mwajiri wenu wa zamani, hata kama alikuwa hivyo kweli. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Msaili hawezi kujua nani alikuwa mkosaji, anachosikia ni namna utakavyotuzungumzia sisi.

Mwishoni wataomba uulize maswali. Uliza! Uliza malipo yanahesabiwaje, maana katika mashirika mengi sehemu kubwa ya pato hutokana na saa za kuruka, na kuna mahali saa hizo zilianza kuhesabiwa mlango ukishafungwa. Shirika la Delta la Marekani lilianza kuwalipa wahudumu wakati wa kupandisha abiria mwaka 2022 tu. Uliza kama kuna mkataba unaokubana kurudisha gharama za mafunzo ukiondoka mapema. Uliza ratiba hutolewa muda gani kabla. Wazazi mliopo, hili linawahusu: mtoto atakosa sikukuu, atakosa harusi, huenda akakosa na msiba. Zungumzeni naye sasa.

Na ukichaguliwa bado hujawa mhudumu. Kuna vipimo vya afya, kuna uchunguzi wa historia yako, kisha wiki kadhaa za mafunzo: kuzima moto, kuruka kwenye mtelezo wa dharura, kuogelea na jaketi la kuokolea, kumshtua mgonjwa moyo uliosimama. Mtihani kila mara. Wapo wanaorudishwa nyumbani wakati sare zao zimeshashonwa.

Ukikataliwa, aghalabu hutaambiwa sababu, wala usipoteze wiki nzima kuitafuta. Mashirika mengi huruhusu kuomba tena baada ya miezi kadhaa, muda umeandikwa kwenye tovuti yao. Katika miezi hiyo pata kazi inayokuweka mbele ya watu, dirishani, mapokezini, wodini, popote, na usome huduma ya kwanza kwa mtu anayeifundisha kwa vitendo. Ukirudi utakuwa na visa vipya, vya kwako.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimebakiwa na muda wa maswali. Tuanze na yule binti aliyevaa buluu, ameshika mkono juu tangu nilipotaja sentimita 212. Karibu mwanangu, simama usikike.